Umri wa mwana unatoka −2! Hesabu za umri kwa aljebra, kosa liko wapi?

Mzazi wa Langoni (Lamu)

Assalaam aleikum wanajukwaa. Kijana wa Gredi ya 8 kapewa hesabu hii, na tangu jana inatuzungusha:

"Miaka 4 iliyopita umri wa Nahodha Athumani ulikuwa mara 7 ya umri wa mwanawe. Miaka 4 ijayo utakuwa mara 3 ya umri wa mwanawe. Kila mmoja ana umri gani sasa?"

Tumeweka b kuwa umri wa baba, m umri wa mwana. Tukaandika:

b − 4 = 7m
b + 4 = 3m

Wa kwanza unatoa b = 7m + 4. Tukaiingiza katika wa pili: 7m + 8 = 3m, basi 4m = −8, m = −2. Mtoto hajazaliwa na tayari anaulizwa umri. Tumeipitia mara tatu na hakuna pahali tulipojumlisha vibaya. Tumekosea wapi? Kuna na nyingine ya "nilipokuwa na umri wako", nitaileta hii ikishaeleweka.

Maalim wa Mkomani

Wa aleikum salaam. Kujumlisha kwenu hakuna neno. Mlinganyo ndio ulioandikwa vibaya, tena yote miwili kwa kosa lile lile.

b − 4 ni umri wa baba wa wakati ule. Ile m peke yake ni umri wa mwana wa leo. Mmemrudisha baba nyuma miaka 4, mwana mkamwacha alipo. Katika mlinganyo wa pili baba ametangulia mbele, mwana bado yuko pale pale. Mwaka ukipita, umewapitia wote nyumbani.

Dawa yake ni jedwali, na lichorwe kabla ya kuandika alama yoyote ya usawa:

Wakati: zamani (−4) | sasa | baadaye (+4)
Baba: b − 4 | b | b + 4
Mwana: m − 4 | m | m + 4

Jazeni vyumba vyote sita kwanza, bila kuitazama ile "mara 7" wala "mara 3". Hapo ndipo wengi wanapoharakisha. Jedwali likishajaa, someni sentensi moja moja na muulize: hii inazungumzia safu ipi? "Miaka 4 iliyopita" ni safu ya kwanza, kwa hiyo mlinganyo wake unachukua vitu vya safu ya kwanza tu:

b − 4 = 7(m − 4)

Sentensi ya pili ni safu ya tatu:

b + 4 = 3(m + 4)

Mabano hayo ni lazima. Saba inazidisha umri wote wa mwana wa wakati ule, na umri huo ni m − 4. Fungueni:

b − 4 = 7m − 28, basi b = 7m − 24
b + 4 = 3m + 12, basi b = 3m + 8

Zote mbili ni b, kwa hiyo 7m − 24 = 3m + 8. Hapo 4m = 32, m = 8, na b = 32.

Sasa kuhakikisha. Msihakikishe kwa kurudisha jibu ndani ya mlinganyo wenu, rudisheni ndani ya maneno ya swali. Tazameni kwa nini: jibu lenu la −2 linampa baba −10. Liingizeni kwenye milinganyo yenu: −10 − 4 = −14, na 7 × −2 = −14. Sawasawa! Ya pili: −10 + 4 = −6, na 3 × −2 = −6. Sawasawa tena! Mlinganyo mbovu unalikubali jibu lake bovu bila wasiwasi. Maneno hayadanganyiki: miaka 4 iliyopita baba alikuwa na 28 na mwana 4, na 28 ni mara 7 ya 4. Miaka 4 ijayo baba 36, mwana 12, na 36 ni mara 3 ya 12. Imekaa.

Barani Malindi

Maalim ameshamaliza, mimi naongeza njia ya herufi moja tu, maana kwa swali hili ni fupi zaidi. Wekeni k kuwa umri wa mwana *miaka 4 iliyopita*. Baba wakati huo ni 7k, mabano hayahitajiki. Kutoka pale hadi "miaka 4 ijayo" si miaka 4, ni 8: minne ya kufika leo na minne ya kwenda mbele. Basi:

7k + 8 = 3(k + 8)
7k + 8 = 3k + 24
4k = 16, k = 4

Angalieni, 4 si jibu. Ni umri wa zamani. Mwana sasa ni 8, baba 28 + 4 = 32. Mtoto anayetumia njia hii aandike juu kabisa ya karatasi "k = umri wa mwana miaka 4 iliyopita", kwa maneno kamili. Akiandika "k = mwana" tu, atapigia mstari 4 na kupoteza alama iliyokuwa tayari mkononi.

Na kwa asiyependa herufi: tofauti ya umri wa watu wawili haibadiliki maisha. Zamani baba sehemu 7, mwana sehemu 1, tofauti sehemu 6. Baadaye 3 kwa 1, tofauti sehemu 2. Tofauti ni ile ile moja, kwa hiyo zile 2 nazo zifanyeni 6: 3 kwa 1 inakuwa 9 kwa 3. Mwana ametoka sehemu 1 akafika 3, yaani sehemu 2 ndizo miaka 8, na kila sehemu ni miaka 4. Kwa hiyo zamani alikuwa na 4. Mwalimu akitaka aljebra, andika aljebra. Hii nayo ifanyie pembeni kwa penseli upate kujua kama umefika kunako.

Maalim wa Mkomani

Ahsante ndugu wa Barani. Hiyo ya sehemu naipenda kuliko hata jedwali, ila ikija na watu watatu inakuwa vurugu.

Pale kwenye 7m − 24 = 3m + 8 pana jambo ambalo watoto wa huku wanaosoma Kiarabu chuoni watalielewa upesi. Neno aljebra ni *al-jabr*, na limetoka katika jina la kitabu cha mwanahesabu Al-Khwarizmi wa Baghdad, karne ya 9. Jabr ni kukirudishia kitu kilichopunguka, na ndilo neno la kuunga mfupa uliovunjika. Upande wa kushoto umepungukiwa 24; uongezeeni 24, na kulia pia ongezeni 24, mpate 7m = 3m + 32. Hiyo ndiyo jabr. Kisha ondoeni 3m huku na huku mbaki na 4m = 32; hiyo ni *muqabala*, kukabilisha. Herufi hakutumia. Kisichojulikana alikiita *shay*, kitu. Kwa hiyo mtoto anayesema "namba inahama upande inabadili alama" hajakosea, lakini haelewi anachofanya. Hakuna kinachohama, mmeongeza kitu kimoja pande zote mbili.

Mzazi wa Langoni (Lamu)

Mungu awalipe. Jedwali limetufungua macho. Hii ndiyo ile ya pili:

"Mwanamkuu ana umri mara 2 ya umri aliokuwa nao Bakari wakati Mwanamkuu alipokuwa na umri alio nao Bakari sasa. Jumla ya umri wao sasa ni 49."

Nikiisoma hadi mwisho mwanzo umeshapotea.

Bint Shela

Usiisome kwa mkupuo. Ikate vipande, tena uanzie mkiani.

Kuna nyakati mbili tu hapa, sasa na zamani. Umri wa sasa: Mwanamkuu w, Bakari k. Kipande cha mwisho kinasema zamani hizo Mwanamkuu alikuwa na "umri alio nao Bakari sasa". Basi chumba cha Mwanamkuu wa zamani ni k. Tayari tumejaza vyumba vitatu:

Wakati: zamani | sasa
Mwanamkuu: k | w
Bakari: ? | k

Ni miaka mingapi imepita kutoka zamani hadi sasa? Mtazame Mwanamkuu: ametoka k akafika w, kwa hiyo imepita w − k. Bakari naye amepitiwa na miaka hiyo hiyo. Zamani alikuwa k − (w − k), yaani 2k − w. Hapa ndipo pa hatari: ukiondoa mabano vibaya utaandika k − w − k ubaki na −w, umri hasi tena.

Sasa mwanzo wa sentensi: Mwanamkuu sasa ni mara 2 ya Bakari wa zamani.

w = 2(2k − w)
w = 4k − 2w
3w = 4k

Yaani w kwa k ni 4 kwa 3. Sehemu 7 zote pamoja ni 49, kila sehemu 7. Mwanamkuu 28, Bakari 21. Hakikisha kwa maneno: Mwanamkuu alipokuwa na 21, ilikuwa miaka 7 iliyopita, Bakari alikuwa na 14. Na 28 ni mara 2 ya 14.

Zikija hesabu za namna hii, mwenye chumba kitupu ndiye wa kutafutiwa, na miaka iliyopita utaipata kwa yule mwenzake ambaye vyumba vyake viwili vimejaa.

Barani Malindi

Kuhusu hasi, nisieleweke kwamba kila hasi ni kosa. Inategemea herufi yako umeipa kazi gani.

"Baba ana miaka 50, mwana 20. Baada ya miaka mingapi umri wa baba utakuwa mara 4 ya wa mwana?" Weka x kuwa miaka ya kungoja:

50 + x = 4(20 + x)
50 + x = 80 + 4x
−30 = 3x, x = −10

Usiifute. x hapa si umri, ni safari ya wakati, na −10 maana yake jambo hilo limeshapita: miaka 10 iliyopita baba alikuwa na 40 na mwana 10. Umeulizwa "baada ya", jibu ni "ilikuwa miaka 10 iliyopita". Na lazima liwe nyuma, kwa sababu mara inapungua jinsi watu wanavyokua: sasa ni mara 2 na nusu, na haitapanda tena kufika 4.

Lakini x ikiwa ni umri, hasi hutupwa. Mfano mfupi: ndugu wawili wamepishana miaka 3, zao la umri wao ni 180. x(x + 3) = 180, yaani x² + 3x − 180 = 0, (x − 12)(x + 15) = 0. Ama 12 ama −15. Mdogo 12, mkubwa 15, −15 iandikwe kisha ikatwe, na sababu itajwe.

Na kwa kuwa mwenye swali yuko Lamu, hii ni ya bure. Ngome ya Lamu ilikamilika 1821. Mji wa Kale ukaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO 2001. Mwaka gani umri wa Ngome ulikuwa mara 10 ya miaka tangu Mji uorodheshwe? Mwaka 2001 Ngome ilikuwa na 180 na uorodheshwaji 0. Baada ya miaka x:

180 + x = 10x
x = 20

Mwaka 2021: Ngome 200, uorodheshwaji 20. Mkimwambia mtoto atafute mara 9 atapata x = 22.5, na hapo mumwulize yeye maana yake nini. Mwaka una katikati, hesabu haijavunjika.

Bint Shela

Mimi naona nusu ya makosa yanaanza kwenye lugha kabla hata ya hesabu. Swali linakuja kwa Kiingereza, mzazi analifasiri jikoni, mtoto anaandika alichosikia.

"Umri wa Ali unazidi wa Saidi kwa miaka 5." Mtoto anaandika a + 5 = s, kwa sababu amesikia Ali, amesikia tano, akaongeza pale pale. Aulizwe kwanza: mkubwa nani? Ali. Haya, ukimwongezea mkubwa miaka 5 atalingana na mdogo vipi? Ni a = s + 5. Kosa hilo hilo liko kwenye mara: "Ali ni mara 3 ya Saidi" inaandikwa 3a = s. Chukueni namba za kubuni, Saidi 4, Ali 12, muone ni upande upi unaotaka 3.

"Mara 3 zaidi ya" mimi siitaki kabisa. Wengine wanaisoma mara 3, wengine wanaisoma mara 4. Mkifasiri semeni "mara 3 ya" mkitaka kuzidisha, na "zaidi kwa miaka 3" mkitaka kuongeza.

Halafu kuna mwaka juzi, ambao ni −2, na watoto wengi wanauweka −1. Mwakani ni +1.

Maalim wa Mkomani

Na umri wa wazee wetu mjihadhari nao mkitunga maswali nyumbani. Mzee aliyehesabiwa kwa Hijria hawekwi jedwali moja na mjukuu aliyehesabiwa kwa Miladia. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, na miaka 33 ya Hijria inakaribia 32 ya Miladia. Mzee wa 66 kwa Hijria ana kama 64 kwa Miladia. Hapo hata ile tofauti isiyobadilika inabadilika.

Kabla sijaondoka, niguse jumla, maana mitihani inaipenda. "Mama ana 37. Jumla ya umri wa wanawe watatu ni 13. Baada ya miaka mingapi jumla hiyo italingana na umri wa mama?" Mama anaongezeka x, watoto ni watatu, jumla yao inaongezeka 3x:

37 + x = 13 + 3x
24 = 2x, x = 12

Mama 49, watoto 13 + 36 = 49. Anayeandika 13 + x atabaki na 37 = 13 na atadhani swali limekosewa.

Kwenda mbele hakuna tatizo. Kurudi nyuma kuna mtego. Watoto wana 12, 9 na 4, jumla 25. Miaka 6 iliyopita jumla ilikuwa ngapi? 25 − 18 = 7, anasema mwenye haraka. Lakini mdogo miaka 6 iliyopita hakuwapo. Wakubwa walikuwa na 6 na 3, jumla 9. Ile 7 imemhesabu mtoto wa miaka −2, yule yule aliyetuleta hapa.

Mzazi wa Langoni (Lamu)

Huyo mtoto wa −2 hatutamsahau. Kijana amejaribu nyingine peke yake, naibandika kama alivyoiandika:

"Miaka 3 iliyopita umri wa Salma ulikuwa theluthi ya umri wa ami yake. Miaka 9 ijayo utakuwa nusu ya umri wa ami yake."

Salma s, ami a. Jedwali amechora.
a − 3 = 3(s − 3), a − 3 = 3s − 3, a = 3s
a + 9 = 2(s + 9), a + 9 = 2s + 18, a = 2s + 9
3s = 2s + 9, s = 9, a = 27

Amehakikisha kwa maneno na imekataa, hajui arudi wapi.

Bint Shela

Amefanya vizuri kuhakikisha, kwa sababu kuhakikisha kumemwonyesha pa kurudi. Mwambie apime sentensi moja moja. Miaka 9 ijayo: Salma 18, ami 36. Nusu, imekubali. Miaka 3 iliyopita: Salma 6, ami 24. Hiyo ni robo, si theluthi. Basi mstari wa pili ni mzima, asiuguse. Ugonjwa uko mstari wa kwanza, na jedwali na mlinganyo wenyewe viko sawa. Ni kwenye kufungua mabano, 3 imezidisha s ikaiacha ile −3 bila kuizidisha. Ni 3s − 9.

a − 3 = 3s − 9, a = 3s − 6
3s − 6 = 2s + 9
s = 15, a = 39

Zamani 12 na 36, baadaye 24 na 48.